Nadharia ya Muziki Ni ya Sisi Wenye Nusu Saa

Kuna sentensi moja ambayo ukishika gitaa Kenya hii lazima uambiwe, kama si leo ni kesho: "Wachana na mambo ya nadharia bwana, itakuulia filingi. Wazee walipiga bila kusoma." Utaambiwa na mtu wa kwaya, utaambiwa na fundi wa spika, utaambiwa na mjomba kwenye harusi ambaye mwenyewe hajawahi kutyuni hata uzi mmoja. Na wanakwambia kwa upole, kama watu wanaokuokoa na jambo baya.

Mimi nasema ushauri huo ni mzuri kwa watu wachache sana, na wewe unayesoma hapa pengine si mmoja wao.

Kwanza mjue naongea kama nani. Mimi si mwanamuziki. Nina kazi ya mchana, usiku nahariri video zangu, na katikati ya hizo mbili nina nusu saa ya gitaa. Naweka kitambaa chini ya nyuzi karibu na daraja ili sauti ipungue, kwa sababu ukuta wa nyumba yangu ni ule wa kusikia jirani akikoroga chai. Sina bendi, sina albamu, na sina mpango wa kuwa navyo. Mimi ni mpenzi wa gitaa tu, lakini wale wapenzi ambao mapenzi yamewaingia kwenye mifupa. Na msimamo wangu ni huu: kati ya watu wote wanaoshika chombo hiki, anayehitaji nadharia kuliko wote ni mimi na wewe, wenye nusu saa.

Wazee walikuwa na kitu ambacho huna

Wacha tuanze na hao wazee, kwa sababu ndio wanaotumiwa kama fimbo ya kutuchapa.

Ni kweli, hawakusoma kwenye vitabu. George Mukabi kutoka upande wa Kakamega hakuenda chuo cha muziki. Aliaga dunia mwaka wa 1963 na mpaka leo ukisikiliza gitaa lake unajiuliza kama ni mtu mmoja ama ni wawili. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta kuweka mdundo. Mwenda Jean Bosco naye, yule wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952, alikuwa akitumia vidole viwili hivyo hivyo, na wimbo wake wa Masanga bado unawatoa jasho watu wenye digrii za gitaa.

Lakini hebu fikiria hawa watu waliishi vipi na muziki. Walikaa karibu na mtu anayejua kuwaliko. Walimtazama mkono kwa jioni nyingi, wakaiga, wakarekebishwa papo hapo. Walipiga kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye klabu za busaa, kwa masaa yanayofuatana, wiki baada ya wiki. Ni kama fundi wa jua kali. Ukimwona anakunja bati bila kupima, usiseme hajui hesabu. Hesabu yake iko kwenye macho na mikono, na aliipata kwa kusimama miaka kadhaa kando ya fundi mwingine.

Kwa hivyo wazee walikuwa na nadharia. Walijua ni noti gani inafuata gani, ni wapi wimbo unataka kurudi nyumbani, ni wapi solo ijibu mwimbaji na wapi inyamaze. Walichokosa ni majina ya vitabuni tu. Maarifa yenyewe walikuwa nayo tele.

Sasa geuka ujitazame. Unatoka nyumbani Rongai ama Kitengela kabla jua halijachomoza, unarudi usiku na jam imekumaliza. Hakuna mzee anayekungoja kwenye kiti. Una simu, una gitaa, una nusu saa kabla ya usingizi. Ukiambiwa "sikiliza tu, itakuja," unapewa dawa ya mtu aliyekuwa na siku nzima. Kwako itakuja, ndiyo, lakini itakuja ukiwa na wajukuu.

Nadharia ni njia ya mkato ya mtu asiye na muda. Ni yale maarifa ya kukaa miaka kando ya fundi, yakafupishwa yakapewa majina, ili yaweze kubebwa na mtu anayesomea kwenye matatu.

Kilichompata rafiki yangu

Nina rafiki ambaye sitamtaja. Anapenda gitaa kuniliko. Alijifunza kwa video, akafikisha nyimbo kama ishirini, zote kwa kukariri vidole vinakaa wapi. Ukimpa nafasi ya kupiga peke yake sebuleni, utapenda.

Siku moja kwenye fellowship ya nyumbani akaombwa apige wimbo mmoja rahisi, kodi tatu tu. (Nikisema kodi hapa sizungumzii ile ya KRA. Hii haikati mshahara.) Alikuwa anaujua kwa G. Dada aliyekuwa anaimba akaanza, akasimama, akasema kwa heshima tu, "Kaka, iko juu kwangu, nishushie kidogo."

Jamaa akaganda. Vidole vyake vilijua mahali pamoja tu pa kukaa. Watu wakaimba bila gitaa, makofi peke yake, na yeye akaketi amelikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Mambo kama hayo yakatokea mara mbili tatu, na leo gitaa lake liko juu ya kabati, ndani ya mfuko, zipu imefungwa. Ukimuuliza anakwambia, "Mimi sina kipaji."

Hiyo ndiyo inaniuma, na ndiyo sababu naandika hii. Kipaji anacho. Mtu asiye na kipaji hawezi kukariri nyimbo ishirini. Alichokosa ni sentensi moja tu: "Do yetu leo ni D." Kwa G, kodi zake tatu zilikuwa G, C na D, yaani do, fa na so. Ukihamisha do ikae kwa D, zinakuwa D, G na A. Mpangilio ni ule ule, umehama nyumba tu. Hiyo ni nadharia ya dakika kumi, na imemgharimu mtu kitu alichokipenda sana.

Watu wengi wanaoacha gitaa nchi hii hawaachi kwa uvivu. Wanaacha kwa sababu walifika kwenye ukuta, na waliambiwa ukuta huo ni mpaka wa kipaji chao. Kumbe ulikuwa mlango.

Unajua nadharia tayari, ulifundishwa kwa kwaya

Sasa nije kwa jambo linalonifurahisha zaidi. Ukisema nadharia ya muziki, watu wanaona mistari mitano, vijiti na vichwa vyeusi kama kunguni, na mwalimu mkali wa piano. Wanasahau kwamba Mkenya wa kawaida amepitia solfa. Kama hukuimba kwaya ya kanisa, uliimba ya shule ukijiandaa kwa tamasha la muziki. Na kama hukuimba kabisa, ulikaa kwenye benchi ukamsikia mwalimu wa kwaya akipiga mguu chini akiimba "do, mi, so, do" kabla hajawapa sauti zenu.

Solfa hiyo ilitengenezwa Uingereza karne ya 19. Sarah Glover ndiye aliyeanza, John Curwen akaiendeleza, shabaha ikiwa kuwasaidia watu wa kawaida waimbe bila kusoma zile nukta za mistari mitano. Wamisionari wakaibeba hadi Afrika, na ikashika mizizi huku kuliko ilivyobaki kwao.

Uzuri wake ni kwamba do haina nyumba ya kudumu. Do ni pale tunapoanzia leo. Mwalimu wa kwaya akiona wazee wa besi wamekabwa anashusha do, na kila mtu anashuka naye bila mkutano. Wanamuziki wa studio huko Nashville, Marekani, wana mfumo wao wa kuita kodi kwa namba, moja, nne, tano, ili wahame upesi mwimbaji akibadilisha mawazo. Wapiga gitaa wa kwenye mtandao wanausifu kama siri kubwa. Bwana, mama yako wa Umoja wa Wanawake kanisani anaijua hiyo siri tangu miaka ya themanini. Anaiita do, fa, so.

Kwa hivyo huanzi sufuri. Kazi yako ni moja: kuhamisha solfa kutoka kooni kwenda kwenye nyuzi.

Hapa ndipo gitaa linakuwa rafiki. Freti moja ni nusu hatua, freti mbili ni hatua nzima. Skeli ya do, re, mi ukiipanda kwenye uzi mmoja inaenda hivi: mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Zijumlishe, ni kumi na mbili. Na ukifika freti ya 12 umerudi kwenye do ya juu, katikati kabisa ya urefu wa uzi. Chukua rula upime kama huniamini.

Majina ya nyuzi nayo, kutoka nene hadi nyembamba, ni E, A, D, G, B, E. Wageni wana sentensi zao za kukumbuka. Mimi nina yangu ya sokoni: Embe, Asali, Dagaa, Githeri, Biringanya, Embe. Iseme mara tano, hutasahau hata ukiwa na njaa. Hasa ukiwa na njaa.

Jaribu hii leo, usiniamini kwa maneno

Nimesema nadharia haiui hisia. Sasa wacha nikuonyeshe, tena kwa kitu chetu.

Sikiliza rumba yoyote ya Kongo unayoipenda, ama zilipendwa za Nairobi. Chukua Les Wanyika, ile bendi iliyochipuka kutoka Simba Wanyika mwaka wa 1978, na wimbo wao wa Sina Makosa ambao hata mtoto wa shule anaujua. Sikia vile magitaa yanavyogawana kazi: ridhimu ya Omar Shabani inazunguka bila kuchoka, solo ya John Ngereza inaingia na kutoka kama mtu mwenye adabu. Mara nyingi kwenye muziki wa aina hii utasikia noti mbili zikitembea pamoja, kama dada wawili wanaoenda kuteka maji. Ile tamu ya rumba inakaa hapo sana. Watu huniuliza ni kifaa gani kinatoa ile sauti. Si kifaa. Ni soprano na alto.

Shika gitaa lako. Do yetu ni C. Tumia uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, na wa pili unaoufuata. Gonga zote mbili pamoja:

Do na mi: uzi wa pili freti ya 1, uzi wa kwanza wazi.
Re na fa: uzi wa pili freti ya 3, wa kwanza freti ya 1.
Mi na so: wa pili 5, wa kwanza 3.
Fa na la: wa pili 6, wa kwanza 5.
So na ti: wa pili 8, wa kwanza 7.
La na do: wa pili 10, wa kwanza 8.
Ti na re: wa pili 12, wa kwanza 10.
Do na mi tena: wa pili 13, wa kwanza 12.

Panda pole pole, shuka pole pole. Umesikia? Hiyo ni harufu ya rumba, na ni wewe unaipika.

Sasa tazama vidole vyako. Kuna maumbo mawili tu. Kwa do, fa na so, vidole viko karibu, tofauti ya freti moja. Kwa re, mi, la na ti, vidole vimeachana kwa freti mbili. Na zile tatu za karibu ni zipi? Do, fa, so. Zile zile kodi tatu kubwa zinazobeba nyimbo nyingi za benga, rumba na kanisani. Re, mi na la ndizo zinazozaa kodi ndogo, zile zenye huzuni kidogo, na ti ni mtoto mtundu wa familia, tutamwachia siku yake. Hakuna aliyekulazimisha kukariri. Mkono umekuonyesha.

Hapo ndipo nadharia inapokuwa tamu. Ungekariri wimbo mmoja wa rumba, ungekuwa na wimbo mmoja. Ukijua kwamba ni dada wawili wanaotembea kwenye skeli, wakiwa karibu kwenye do, fa na so na mbali kidogo kwingineko, umepata mlango wa kuingilia nyimbo mia.

Ukishazoea, wapindue. Noti iliyokuwa juu ishuke chini: mi iwe chini, do iwe juu. Uzi wa tatu freti ya 9, uzi wa kwanza freti ya 8, uzi wa katikati unyamaze. Sauti inafunguka, inakuwa pana. Ni dada wale wale, wamebadilishana upande wa barabara.

Mikono nayo isome

Nisije nikaeleweka kwamba kichwa kinatosha. Kuna vijana, na nawajua, wanaokutajia modi zote saba, Doriani, Lidiani na jamaa zao, lakini ukiwapa kodi ya F, ile ya kubana nyuzi kwa kidole kimoja, inalia kama mlango wa lango bovu. Hiyo nayo ni kujificha. Nadharia ambayo haikuguswa na uzi siku hiyo hiyo haihesabiki.

Mkono wa kushoto unataka mambo matatu tu mwanzoni. Kidole kikae nyuma kidogo tu ya chuma cha freti, si katikati ya nafasi. Gumba litulie nyuma ya shingo ya gitaa, lisilikabe kama mpini wa panga. Na ubane kwa nguvu ile tu inayotosha noti isikike safi. Wengi wetu tunabana kama tunaua nyoka, halafu tunasema gitaa linaumiza. Maumivu ya ncha za vidole yapo, lakini ukipiga kidogo kila siku, baada ya wiki chache unapata sugu na unasahau. Ukiumwa kifundo cha mkono, hiyo ni nyingine. Simama, pumzika, rekebisha unavyokaa.

Mkono wa kulia ndio wenye lugha yetu. Video nyingi zinazotufundisha zinatoka nje, na zinafundisha vizuri blues na roki kwa pleki. Sina ugomvi nazo. Lakini ukimaliza miaka miwili ya hizo bila kumsikiliza Mukabi hata mara moja, umejifunza lugha ya jirani na ya nyumbani huijui. Ule mtindo wa vidole viwili wa magharibi mwa Kenya unaitwa omutibo, na unaweza kuuanza leo. Bana kodi ya C. Gumba lipige uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, sawa sawa kama mtu anatembea. Peke yake, bila kitu kingine, mpaka uweze kuongea huku linatembea. Ukiweza kujibu simu gumba likiendelea, uko tayari. Ndipo kidole cha shahada kikwanyue uzi wa kwanza ama wa pili, mara pamoja na gumba, mara katikati ya hatua zake.

Weka metronomu ya simu kwenye 60. Ndiyo, 60, hata kama unajiona. Ukiweza safi, ongeza tano. Benga ina kasi, kila mtu anajua, lakini kasi ni polepole iliyofanywa safi mara nyingi.

Na benga yenyewe ujue ilitoka wapi. Wapiga gitaa wa Kiluo walichukua mambo ya nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, wakayahamishia kwenye gitaa. Hawakutupa walichokuwa nacho ili washike kigeni. Walibeba cha nyumbani wakakivalisha nguo mpya. Hilo ndilo ninalokuomba ufanye na solfa yako.

"Lakini inakulipa?"

Sasa hapa Kenya kuna swali ambalo haliepukiki. Ukionekana umebeba gitaa zaidi ya mara tatu, mtu atauliza: "Inakulipa?" Ukisema hapana, anakutazama kama mtu anayechoma pesa kwenye jiko.

Mbona wale wanaocheza mpira wa mtaani Jumapili hawaulizwi kama wameitwa Harambee Stars? Kila mtu anaelewa kwamba mtu anaweza kukimbia uwanjani, akatoa jasho, akabishana na refa, akarudi nyumbani amefurahi, basi. Lakini gitaa lazima liwe hasla. Na kwa sababu si hasla, tunaambiwa hatuhitaji kulisoma sana. "Wewe ni wa kujifurahisha tu, nadharia ya nini?"

Napinga hapo kwa nguvu zote. Kujifurahisha hakumaanishi kubaki mjinga wa kile unachokipenda. Anayefuga kuku wawili nyuma ya nyumba kwa mapenzi bado anajua ni chanjo gani wanahitaji. Kupenda kitu ni kutaka kukijua. Mwenye bendi anaweza kuishi bila majina ya kodi, maana wenzake watamrekebisha jukwaani. Wewe uko peke yako chumbani saa nne usiku. Nadharia ndiyo bendi yako. Ndiyo inayokwambia, "Hapo umepotea, do iko kule."

Na kuna jambo la mwisho, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Wazee wetu wengi wa gitaa wameenda. Mukabi hawezi kukujibu. D.O. Misiani wa Shirati Jazz alituacha mwaka wa 2006. Walichoacha ni rekodi, na rekodi haifundishi mtu asiyejua kuuliza. Ukisikia mstari wa solo ukaweza kusema, "Hapa ametoka so, akapita la, akatua do, na chini yake kodi imehamia fa," umemuuliza mzee swali na amekujibu kutoka kaburini. Usipojua, unabaki kusema "manze huyu mzee alikuwa mkali," unabonyeza wimbo unaofuata, na ukali wake unaishia hapo.

Kwa hivyo wanaosema nadharia itatutenga na wazee wameigeuza juu chini. Kwa kizazi ambacho hakikukaa nao kwenye kiti, hiyo ndiyo kamba tuliyobaki nayo.

Nusu saa yako, bila maneno mengi

Ukiuliza mimi ningeigawa vipi, ni hivi. Dakika tano za kwanza, tyuni gitaa na utembeze gumba peke yake. Dakika kumi, zoezi moja la mkono, polepole, kwa metronomu. Dakika tano, kitu kimoja cha nadharia, kimoja tu: leo dada wawili kwa C, kesho kwa G, keshokutwa wimbo unaoujua uuhamishe do. Dakika kumi za mwisho, piga wimbo unaoupenda, na utafute kile kitu cha nadharia ndani yake. Usipokipata, chagua kitu kingine kesho. Lakini usilale kabla hujapiga wimbo. Mazoezi bila wimbo ni kama kuosha vyombo kila siku bila kupika.

Wiki hii nawapa kazi moja. Chukua wimbo wowote wa kodi tatu unaoujua, utafute do yake iko wapi, kisha uupige kwa do mbili zingine. Halafu mtafute mtu anayeimba, dada, mama, jirani, yeyote, mwambie achague sauti inayomfaa. Akikwambia, "Nishushie kidogo," jibu lako liwe, "Mpaka wapi?"